Uji wa Saa Nne

Chekechea ya kijiji chetu haikuanzishwa kwa ajili yetu tuliosoma pale. Ilianzishwa kwa sababu dada zetu walikuwa wamechukuliwa shule. Kabla ya hapo mtoto mdogo wa kwetu Mufindi, mkoani Iringa, alikuwa na mlezi wake, naye ni dada wa miaka minane au tisa, mmoja kambeba mgongoni na mwingine anamwangalia asisogelee jiko, mama akiwa shambani tangu umande haujakauka. Mpango huo ulikuwa wa miaka na miaka na hakuna aliyeuona una kasoro. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, likitaka ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule wawe darasani. Sheria ya Elimu ya 1978 ikakaza kamba: mzazi mwenye mtoto aliyetimiza miaka saba na haonekani shule aliitwa kwa katibu wa kijiji ajieleze. Dada zetu wakaenda. Wakaenda na wadogo zao mgongoni, wakakaa nao darasani, na mwalimu wa darasa la kwanza akawa anafundisha kuhesabu huku nyuma vichanga vinalia.

Ndipo Umoja wa Wanawake wa kijiji uliposimama mkutanoni na kusema watoto wadogo watafutiwe pa kukaa. Mama yangu alikuwapo. Anasema wanaume walikubali haraka mno, na haraka ile iliwatia wanawake shaka, kwa kuwa kikubaliwacho haraka hakiulizwi nani atakilipia.

Kijiji chetu kiko upande wa kwenye chai, ambako Juni na Julai ukungu hauinuki hadi saa tano na watoto hutembea na khanga ya mama wameifunga shingoni. Ukoo wetu ulihamishiwa hapo wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu vijijini. Babu yangu hakuisamehe operesheni ile hadi anaingia kaburini, maana aliacha nyumba ya matofali na miti ya matunda bondeni, akajengewa kibanda cha nyasi kando ya barabara. Simlaumu. Lakini kitu kimoja kilitokana na kusukumwa pamoja kule: nyumba zilikaribiana. Mtoto wa miaka minne aliweza kwenda chekechea kwa miguu yake mwenyewe, akipita mlango kwa mlango, na kila mlango una shangazi anayemuuliza amenawa uso au la. Watu wanaopanga elimu ya watoto wadogo vijijini wangeanza na jambo hilo kabla ya kufika kwenye mitaala na vitabu.

Niliingia pale mwaka 1984, nikiwa na miaka minne. Banda lilikuwa kaushio la pareto. Ushirika ulikuwa ukikaushia maua humo kwa moto wa kuni, mpaka Mei 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika nchi nzima, na banda likabaki halina mwenyewe. Kijiji kikaondoa chekeche za waya zilizotandazwa maua, kikatoboa madirisha mawili, kikakandika kuta upya. Harufu ya pareto haikutoka. Ilikuwa harufu kavu ya kuwasha pua, na ukiingia asubuhi lazima upige chafya. Wazee walisema ndiyo sababu viroboto hawakulipenda banda lile, wakati nyumbani tulilala nao kitanda kimoja. Aliyekuja na funza mguuni aliketishwa mlangoni kwenye mwanga, Mwalimu akamtoa kwa pini aliyokwisha kuipitisha motoni, tundu likapakwa mafuta ya taa kama yapo, na wimbo ukaendelea pale ulipokatika.

Tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba akakosa nafasi ya sekondari, kama walivyokosa karibu wote miaka ile, akapelekwa mafunzo ya wiki chache na kurudi na daftari moja la nyimbo na michezo. Wasomi wetu wa leo wakisikia sifa hizo hutikisa kichwa. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu na nimefundishwa na watu wenye shahada tatu, na sijakutana tena na mwalimu anayejua kila mwanafunzi wake jana usiku alilala amekula nini.

Hatukuwa na vitabu. Karatasi zilikuwa adimu hata kwa ofisi ya kijiji, maana ile ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Kagera, miaka ambayo sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipangiwa foleni. Chaki zikipatikana zilikwenda shule ya msingi. Sisi tuliandika kwa vijiti juu ya vumbi la uwanja, Mwalimu akipita nyuma yetu na tawi la mkaratusi kufuta na kuanza upya. Wavulana walitengeneza magari ya mabua yenye magurudumu ya viatu chakavu. Wasichana tulikuwa na watoto wa magunzi, na nywele zao ni ndevu za mahindi. Msimu wa mahindi mabichi watoto wetu walikuwa na nywele za dhahabu, ukifika Agosti wote wamekuwa na nywele za kahawia na wengine vipara.

Hesabu tulijifunza mlangoni. Pale palikuwa na kikapu cha punje za mahindi na kibuyu kilichokatwa shingo. Kila aingiaye alichukua punje moja, akaitumbukiza kwenye kibuyu, akaketi. Baadaye watoto wawili wa zamu walikipeleka kibuyu jikoni, nyuma ya banda, kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapika. Sote tulimwita Bibi wa Uji, hata wakubwa. Shule yake ilikuwa kisomo cha watu wazima tu. Alizimwaga punje kwenye ungo, akazipanga tano tano, na kwa kila fungu akachota kikombe cha unga. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo lilikuwa somo. Lakini kabla hatujaijua sura ya namba 5, tulikwisha kujua kwamba punje yako isipokuwamo kibuyuni uji wako haumo chunguni.

Kulikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa fundi wa kuchana mbao, aliyevumbua hila ya kutumbukiza punje mbili. Siku hiyo uji ulibaki kwenye chungu. Bibi wa Uji hakugomba. Alitupanga foleni, akatugusa vichwa mmoja mmoja huku akihamisha punje kutoka ungo hadi kiganjani, na mwisho akabaki na punje moja isiyo na kichwa. Akamwita yule mvulana moja kwa moja, wala sijui alimjuaje, akamkabidhi kikombe kilichojaa.

“Mpelekee mwenzako uliyekuja naye,” akamwambia. “Sisi hatumwoni.”

Mvulana akazunguka uwanja mzima na kile kikombe cha moto, sisi tunamfuata kwa vicheko, hadi akampa mdogo wake mmoja wetu, aliyekuwa amekaa chini ya mti. Leo ni mhasibu wa ushirika wa akiba na mikopo, na watu wakimtania kwa habari hiyo huwa anacheka kuliko wao.

Uji ndio uliokuwa shule yenyewe. Saa nne kamili, jua likianza kupenya ukungu, tulikunywa kikombe kimoja, na waliokuwa dhaifu walipata kingine saa nane kabla ya kwenda nyumbani. Watu wa mbali hudhani njaa ya watoto wa kijijini ni ya ghala tupu. Kwetu mahindi yalikuwapo miaka mingi, na viazi, na njegere. Tatizo lilikuwa saa. Mama alitoka alfajiri akaacha kiporo, akarudi jioni akasonga ugali. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ana tumbo dogo. Halijazwi mara mbili kwa siku likatosha. Na uji wake wa kawaida, ili aweze kuunywa, hukorogwa mwepesi, kwa hiyo anashiba maji.

Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa na dawa ya jambo hilo, nayo ni kimea. Unaroweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga. Unapika uji mzito kabisa, wa kusimamisha mwiko, ukipoa kidogo unatia kijiko cha unga wa kimea na kukoroga. Mbele ya macho yako uji unalegea na kuwa wa kunyweka, bila kuongezwa maji hata tone. Unga ni ule ule na mtoto anaumaliza. Wataalamu walipokuja kutuonyesha, wanawake walitazamana, kisha Bibi wa Uji akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kimea! Alikuwa anakitengeneza tangu usichana wake, kwa togwa na kwa pombe ya harusi. Walichokuwa hawajafikiria, yeye na mama zake wote, ni kukitia katika kikombe cha mtoto. Wataalamu nao wakacheka. Nadhani ndiyo sababu jambo lile lilishika: hawakuleta kitu kigeni, walihamisha kitu kutoka chungu kimoja hadi kingine.

Miaka hiyo mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Ulianza 1983 na kuingia katika vijiji 168, chetu kikiwamo. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito. Mzani ulining’inizwa kwenye tawi la mti uliokuwa mbele ya banda, mtoto akavishwa bukta ya turubai yenye mishipi, akatundikwa. Wengi walipiga kelele. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi: kijani ni salama, kijivu ni hatari, nyekundu ni hatari sana. Kisha likafuata lile lililotofautisha mpango huu na mingine mingi niliyoiona baadaye. Hesabu hazikubebwa kwenda mkoani peke yake. Zilisomwa pale pale, kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti, aliyezoea kusoma magunia ya shamba la kijiji, sasa alisoma watoto wangapi wako kwenye nyekundu, na wajumbe wakaulizana ni wa nyumba kumi za nani.

Mdogo wangu aliangukia kwenye nyekundu. Alikuwa na mwaka na nusu, ameachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama alikuwa amepata mimba nyingine. Baba alikuwa kibarua kwenye chai, alirudi mwisho wa mwezi na kuondoka keshokutwa yake. Balozi wa nyumba kumi zetu alipokuja na mhudumu wa afya, mama aliwapa kigoda wakae, yeye akabaki amesimama akitazama ukuta. Niliwahi kumwona mama amekasirika na niliwahi kumwona analia, lakini kusimama vile sikuwahi kukuona. Kwa siku kadhaa hakumpeleka mtoto popote. Akaja Bibi wa Uji mwenyewe jioni, bila kadi wala daftari.

“Kamwene,” akasalimu mlangoni.

“Kamwene, mama. Karibu ndani.”

“Sikai. Mwanangu, kesho mlete mtoto jikoni kwangu. Saa nne na saa nane. Nawe uje na kikombe chako.”

“Mama, debe letu la mahindi hatujalitoa.”

“Nimekuuliza debe?”

Debe ndilo lililokuwa mchango wa chekechea. Kila kaya ilitakiwa kutoa debe moja la mahindi baada ya mavuno na mzigo wa kuni kila mwezi. Asiyeweza alilima siku kadhaa kwenye ekari ya chekechea, iliyokuwa kando ya kisima. Mama alilima. Naikumbuka vizuri ekari ile kwa sababu tulipokuwa tunacheza tulimwona, na mimi nilijisifu kwa wenzangu kwamba yule pale ni mama yangu, anatulimia uji. Mdogo wangu alirudi kwenye kijani kabla ya mavuno mengine. Leo ni dereva wa malori ya mbao na mwili wake haupiti vizuri kwenye mlango wa lori.

Haikuwa hadithi ya mtoto mmoja. Katika vijiji vile 168, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa mwanzoni mwa mpango walikuwa na uzito pungufu. Mwaka 1988 walikuwa wameshuka hadi takribani asilimia 38. Wataalamu wa lishe duniani wameusoma mfano wa Iringa, na maelezo ya UNICEF ya mwaka 1990 kuhusu vyanzo vya utapiamlo, yanayotaja chakula, maradhi na malezi kwa pamoja, yametokana kwa sehemu kubwa na kilichojifunzwa huko. Hilo la tatu, malezi, sisi tulilijua kwa sura: alikuwa msichana mwenye pini ya funza na mama mwenye ungo wa punje.

Niseme kidogo kuhusu lugha. Wengi wetu tuliingia tukijua Kihehe tu, na wachache Kibena au Kikinga, watoto wa vibarua wa chai. Mwalimu alitupokea kwa lugha tulizokuja nazo na kutuvusha taratibu, kwanza nyimbo, halafu amri za michezo, halafu salamu. Wageni wa wilayani walipokuja tuliimba kwa Kiswahili safi, wakaondoka wameridhika. Walipoondoka Mwalimu akarudi kutueleza kwa Kihehe tulichokuwa tumekiimba.

Chekechea ile ilikufa mwaka 1989, na namna ilivyokufa ndiyo inayonifanya niandike haya. Haikufa kwa sababu wazazi walikuwa hawathamini elimu, maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kwenye semina, yakisemwa na watu walioletewa chai ya saa nne mezani. Ilikufa kwa sababu ya mashine ya kusaga. Mwalimu alilipwa posho kutoka kwenye mapato ya mashine ya kijiji. Mashine ikaharibika, kipuri hakikupatikana, na kilipopatikana bei yake ilikuwa imepanda mara kadhaa, kwa kuwa tangu 1986 shilingi ilikuwa inashushwa thamani kila mara. Mpango wa lishe nao ulikwisha kufikia tamati. Mwalimu alifundisha bila posho msimu mzima, kisha akaenda kuchuma chai, ambako walilipa kwa kilo. Nani angemlaumu? Alikuwa na watoto wake wawili.

Kijiji kiliomba msaada. Watu wa elimu wilayani walisema vituo vya watoto wadogo haviko kwao, wao wanaanzia darasa la kwanza. Hawakudanganya: kwa sheria ya 1981 vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa chini ya Ustawi wa Jamii, na afisa wa Ustawi alikuwa mmoja kwa wilaya nzima, hana gari wala fungu. Kwa hiyo watoto wadogo walikuwa na sheria yao na hawakuwa na mtu. Banda likawa ghala la mbolea. Nilikuwa darasa la tatu wakati huo, na binamu yangu wa miaka minane alianza kukosa shule siku mbili tatu kwa wiki ili abaki na mtoto. Tulikuwa tumerudi tulikotoka.

Tangu hapo mambo mengi yameandikwa. Sera ya elimu ya 1995 ilizitaka shule za msingi ziwe na darasa la awali. Sera ya 2014 ililifanya la lazima kwa mwaka mmoja, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa, madarasa yakafurika. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, na 3,000 kati yake yalikwenda kwenye vituo shikizi, zile shule ndogo zinazojengwa karibu na vitongoji vilivyo mbali. Desemba ya mwaka huo huo ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Nayaheshimu yote hayo, hasa vituo shikizi, kwa kuwa aliyevifikiria alikuwa anaikumbuka miguu ya mtoto wa miaka minne.

Lakini nikienda nyumbani naona kitu kingine. Vijiji vimelegea tena. Watu wamerudi kujenga kwenye mashamba yao, jambo ambalo babu angelifurahia, na shule ya msingi iko mbali na nyumba nyingi. Mtoto wa shemeji yangu hawezi kuvuka mto masika, kwa hiyo mwaka wake wa awali una miezi sita. Akifika anakaa sakafuni kwenye darasa lililojaa, na mwalimu wake, mwenye cheti halali, anashika pia darasa la pili. Uji upo katika miezi ambayo wazazi wamechanga. Wa miaka mitatu hawana pa kwenda kabisa, wako nyumbani na dada.

Na bado kijiji hiki si maskini kama kile cha 1984. Milima yote inayokizunguka imepandwa misonobari na mikaratusi. Malori ya mbao, la mdogo wangu likiwa mojawapo, hupita usiku na mchana, na ushuru wa kijiji hukusanywa kizuizini kwa risiti. Mkutano mkuu uliopita nilikaa nyuma na kusikiliza taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa. Palikuwa na posho za vikao, ukarabati wa ofisi, mchango wa mwenge. Mlezi wa watoto wadogo hakutajwa, wala jiko.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kunyoosha mkono. Wewe unayesoma haya ukiwa na kwenu kijijini, nenda kwenye unaofuata. Taarifa ya fedha ikisomwa, uliza mambo mawili: mlezi wa watoto analipwa na nani, na uji wa saa nne unapikwa wapi. Usikae mpaka ujibiwe.